Infirmier akiuliza kazi yako, usifiche shimo

Kikohozi, hernie, kidonda, tension: kwa muchimbaji, maswali ya infirmier ni nusu ya matunzo. Nusu ingine ni yale anayofundisha mbele ya kukurudisha nyumbani.

"Papa, uko nafanya kazi gani?" Ni swali la pili ao la tatu kwenye meza ya infirmier, nyuma ya jina na myaka. Na jibu lenye kusikika mara mingi ni hili: "Niko najitafuta tu, docta." Wengine wanasema biashara. Wengine wanasema kulima. Wachache wanasema wazi: "Niko nachimba, niko naingia chini."

Sababu tunazijua wote. Muchimbaji anaogopa bei ipande, ju watu wa mujini wanafikiri kila mutu mwenye kutoka Kamituga ao Misisi iko na zahabu mufukoni. Anaogopa kuulizwa carte ya creuseur yenye hana. Anaogopa habari ifike kwa PDG wa shimo, na nafasi yake ipewe mwingine. Basi anajibu nusu. Na kwa jibu la nusu, anapata dawa ya nusu.

"Docta" ni jina tunalopatia kila mutu mwenye blouse nyeupe. Lakini kwenye centre de santé, mwenye kukupokea ni infirmier, na mukubwa wake ni infirmier titulaire. Yeye ndiye anauliza, anapima, anatunza yale anaweza, na yale yanayomupita anayatuma kwenye hopitali generali ya zone. Kisha hapo, kama lazima, mugonjwa anapanda mupaka Bukavu, kwenye Hopitali ya Provinsi ao kwenye Hopitali ya Panzi, yenye Dokteri Denis Mukwege alianzisha katika mwaka 1999. Ni ngazi. Ukianguka kwenye kipandio cha kwanza kwa sababu ya jibu la uongo, yale ya juu yanachelewa.

ZAMANI KARATASI ILIKUWA KWA KAMPUNI

Wazee wa Kamituga wanakumbuka myaka ya MGL, kampuni iliyoanzishwa 1923, na kisha SOMINKI, iliyozaliwa 1976 na kufungwa 1997. Mufanyakazi alikuwa na matricule, na kampuni ilikuwa na hopitali yake. Akiugua, jina lake lilikuwa kwenye kitabu: aliingia kazi mwaka gani, anafanya sehemu gani, aliugua nini mbele.

Leo muchimbaji wa mikono anahama. Myezi mitano Kamituga, mitatu Shabunda, kisha Nyabibwe, kisha Luhwindja. Kila pahali anapata fishi mupya, na kila fishi inabaki kule. Infirmier wa Nyabibwe hawezi kujua kwamba mwaka uliopita ulianza dawa ya kifua Mwenga na ukaiacha. Hakuna kitabu chenye kumuambia. Kitabu ni wewe. Ndiyo maana anauliza maswali mengi, na ndiyo maana kila jibu lina bei.

KIKOHOZI KIMOJA, MAGONJWA MAWILI

Tuanze na kifua, ju hapo ndipo swali la kazi linafanya tofauti kubwa.

Mutu anakohoa majuma mawili na zaidi. Amekonda. Usiku anatoka jasho mupaka shuka inalowana. Infirmier yeyote atafikiri kifua kikuu, na iko na haki. Anakupatia kopo ndogo ya makohozi. Si mate: ni yale yenye kutoka chini ya kifua, kisha kuvuta pumuzi kwa nguvu na kukohoa. Unaenda inje, mbali na watu, unafunga kopo muzuri. Pahali penye mashine ya GeneXpert, jibu linaweza kutoka kwa saa mbili hivi. Likiwa ndiyo, dawa ni ya myezi 6: myezi 2 na dawa ine ndani ya kidonge kimoja, kisha myezi 4 na dawa mbili. Dawa hizo ni za bure, kwa njia ya programu ya taifa ya kupigana na kifua kikuu. Watakuomba pia kipimo cha VIH, ju magonjwa hayo mawili yanapenda kutembea pamoja.

Lakini kuko ugonjwa mwingine wenye kufanana na huo: silikozi. Jiwe la zahabu mara mingi liko ndani ya quartz. Ukilipiga na burin, ukilitwanga, ao ukilisaga kwenye concasseur, linatoa vumbi laini sana, lenye jicho haliwezi kuona. Vumbi hiyo inashuka mupaka chini ya mapafu, na haitoki tena. Mapafu yanafanya makovu. Mutu anakohoa, anakosa pumuzi akipanda mulima, anakonda. Dawa ya kufuta makovu hayo haiko. Na ugonjwa unaweza kuendelea hata kisha mutu kuacha shimo.

Sasa tazama hatari. Kama umesema "niko nalima", infirmier hana sababu ya kufikiri vumbi. Makohozi hayaonyeshi kitu, unapewa dawa ya kikohozi, unarudi chini, unaongeza makovu. Mwaka unaofuata ni vile vile. Kuko na hatari ya upande mwingine: muchimbaji mwenye kujisemea "ni vumbi tu, sisi wote tuko nakohoa", kumbe ni kifua kikuu, na kila usiku anaupatia watoto wake ndani ya chumba kimoja. Tena mwenye silikozi anashikwa na kifua kikuu upesi, mara 3 na zaidi kuliko mutu mwingine. Mutu mumoja anaweza kuwa na yote mawili.

Kwa hiyo infirmier anayejua kazi yake hatasimama kwenye "nachimba". Ataendelea: Unafanya nini ndani? Unapiga mwamba, unabeba, ao unasukuma maji? Myaka ngapi? Na wewe mama, uko twangaise? Unatwanga wapi, inje ao ndani ya parcelle? Watoto wako pembeni? Mama mwenye kutwanga mawe kutoka asubuhi mupaka jioni anakula vumbi sawa na mume wake, hata kama hajaona mulango wa shimo.

Na kisha maswali kunafuata mafundisho. Haya ndiyo yenye kuokoa.

Dawa ya kifua kikuu inageuza mukojo kuwa na rangi ya machungwa ao nyekundu. Si damu. Wengi wameacha dawa siku ya tatu ju ya woga huo tu, kwa kuwa hakuna mutu aliyewaambia. Kisha mwezi wa pili nguvu inarudi, kikohozi kinatulia, na mutu anasema "nimepona". Hapana. Mikrobi zenye kubaki ndizo ngumu, na ukiziacha zinajifunza kushinda dawa. Hapo matunzo yanakuwa marefu na mazito zaidi. Mama mwenye kutumia vidonge vya kuzuia mimba aseme, ju dawa ile inavipunguzia nguvu. Na ukiona macho yanakuwa manjano, rudi siku ile ile, usingoje randevu.

Kwa vumbi: mwanga maji kwenye jiwe mbele ya kupiga na wakati wa kutwanga. Kitambaa kwenye mudomo kinazuia ile vumbi kubwa, lakini ile laini inapita. Nguo za kazi zisilale pamoja na watoto.

MAMBO INFIRMIER ANATAZAMA BILA KUKUAMBIA

Mugonjwa anafikiri kazi inaanza na shindano. Kwa kweli ilianza wakati uliingia: ulitembea namna gani, ulisimama kupumuzika mara ngapi, unashika upande gani. Infirmier anashika mukono wako na kutazama saa. Unafikiri anahesabu moyo tu. Anahesabu pia kifua, dakika muzima, bila kukuambia, ju mutu mwenye kujua anahesabiwa anabadilisha pumuzi yake. Mutu muzima mwenye kupumuzika anavuta pumuzi mara 12 mupaka 20 kwa dakika. Moyo unapiga mara 60 mupaka 100. Tension ikifika 140 kwa 90 na zaidi, na ikapimwa tena siku zingine na kubaki pale, hiyo ni ugonjwa, hata kama hausikii kitu.

Anageuza kope la jicho kuona kama damu imepunguka. Anakuambia unyooshe mikono: ikitetemeka, atauliza kama unachoma zahabu na mercure. Moshi ile haina harufu yenye kukuonya, lakini inaingia kwenye ubongo: mutu anatetemeka, anakosa usingizi, anasahau, anakasirika bure. Mercure haichomwi ndani ya nyumba wala kwenye jiko la kupikia, na mama mwenye mimba asikuwe karibu hata kidogo.

Kisha maumivu. Infirmier anauliza: yalianza wakati gani, yako kama kisu ao kama moto, yanatembea mupaka wapi, nini kinayaongeza, na kutoka 0 mupaka 10 ni ngapi? Hapa wachimbaji wanajidanganya. Mutu amezoea kubeba sac ya kilo 50 na mugongo wenye kuuma. Anasema "tatu" kumbe ni nane. Hapa hakuna shindano la wanaume. Sema vile iko.

Sema pia dawa yenye umekwisha kunywa. Vidonge vya maumivu vyenye kuuzishwa kwenye carrière, vyenye wengi wanakunywa mbele ya kushuka, vinaweza kutoboa tumbo. Ukiona choo cheusi kama lami, ni damu. Sema dawa ya miti. Sema kasiksi na kanyanga, na kiasi gani. Infirmier haulizi ili akuhukumu. Anauliza ju kanyanga ya kila siku inabadilisha vile mwili unapokea dawa, na vile utalala siku ya operesheni.

Kama ni éboulement, swali kubwa ni la saa: jiwe lilikaa juu ya muguu muda gani? Mutu aliyefungwa saa nyingi anaweza kutoka akiwa anaongea muzuri, kisha figo zake zikashindwa. Mukojo ukiwa mweusi kama coca, ni alama. Na aliyeanguka kutoka juu asikunjwe ndani ya bache wala kupandishwa kwenye moto: alazwe kwenye ubao, shingo na mugongo kwenye mustari mumoja.

Kama unafikiri maswali ni ya bure, kumbuka Kamituga. Kutoka mwezi wa 9 mwaka 2023, mpox ilitokea mule kwa sura mupya, ile wataalamu waliita clade Ib. Maabara ilisoma mikrobi, ndiyo. Lakini ni kuuliza wagonjwa wanaishi wapi, wanatembelea wapi, walilala na nani, ndiko kulionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa unapita sana kwa njia ya ngono, kwenye mabar na karibu ya carrières. Tarehe 14 mwezi wa 8 mwaka 2024, OMS ikatangaza hatari ya dunia yote.

KISU KIMEPITA, NINI INAFUATA?

Hernie ni ugonjwa wenye kujulikana kwa wabebaji. Kivimbe kinatokea kwenye kinena wakati wa kubeba, kinarudi ukilala. Watu wanakaa nacho myaka. Lakini siku kivimbe kinakataa kurudi, kinakuwa kigumu, kinauma, unatapika, hewa haipiti: usingoje asubuhi. Tumbo limenyongwa, na ni saa zenye kuhesabika. Vile vile mutu mwenye homa ya tifoide ya siku nyingi: tumbo likikuwa gumu kama ubao, ni kwamba utumbo umetoboka. Hiyo si ya vidonge. Ni ya kisu.

Mbele ya operesheni infirmier anasema: usile. Kwa kawaida ni saa 6 bila chakula. Na kila mara kuko na shangazi mwenye huruma, mwenye kupitisha bugali kidogo chini ya kitenge. Mama, ile huruma inaweza kuua. Mutu akilazwa na dawa ya usingizi akiwa na chakula tumboni, chakula kinaweza kupanda na kuingia ndani ya mapafu. Kama amekula, sema. Watangoja, basi.

Kisha operesheni, mugonjwa anataka kulala bila kutikisika. Infirmier anamusukuma: kaa, shuka, tembea. Si ukali. Damu yenye kusimama kwenye miguu inaweza kuganda, na kifua chenye hakitikisiki kinashika nimonia. Ukikohoa, weka kitambaa chenye kukunjwa juu ya mushono na ukishikize kwa mikono. Kidonda kikae safi na kikavu. Hapana majivu, hapana dentifrice, hapana unga wa pile. Kikikuwa chekundu, chenye moto, chenye usaha ao harufu, na homa ikapanda, rudi.

Kuhusu tetanos, wanaume wengi hawafikiri. Wamama wanapata chanjo wakati wa mimba; baba aliyechanjwa akiwa mutoto, kama alichanjwa, hajui tena. Lakini ni yeye anajikata na chuma ndani ya udongo. Kila kidonda cha shimo, uliza: "Na chanjo ya tetanos?"

Sasa tufike kwenye lenye kuuma zaidi. Infirmier anasema: majuma 4 mupaka 6 bila kubeba muzigo muzito. Muchimbaji anaitika "ndiyo docta", na juma la pili iko kwenye shimo. Hakukosa akili. Ana deni kwa PDG, bei ya shule, nyumba ya kupanga. Mushono unafunguka ndani, hernie inarudi, na deni linakuwa mbili.

Kusema "pumuzika" peke yake si kufundisha. Infirmier muzuri anauliza: nani atakulisha majuma hayo? Kazi gani nyepesi iko pale? Kuandika cahier ya kuingia na kutoka, kuchunga vifaa, kupima: hizo hazifungui mushono. Na hapa tunaongea na mapresident wa coopératives na mapdg: kumuwekea mutu nafasi yake majuma sita ni bei ndogo kuliko kumuchangia sanduku. Likelemba zenye kuweka kando kitu kidogo kwa wagonjwa zinajua hilo. Mutuelle de santé pia ziko Bukavu na pembeni yake. Lakini mutuelle inaingiwa ukiwa muzima. Siku ya facture, imechelewa.

GARDE-MALADE NAYE NI MWANAFUNZI

Kwetu mugonjwa hakai peke yake hopitalini. Kuko garde-malade: bibi, dada, mutoto mukubwa. Yeye ndiye anaosha, anapika, anashika dawa. Basi mafundisho yafike kwake pia, kwa luga yenye anasikia, ikiwa Mashi, Kilega ao Kiswahili.

Wainfirmiers wako na njia moja nyepesi yenye tunapenda. Kisha kueleza, hawaulizi "Umesikia?" Kila mutu anajibu "ndiyo", hata mwenye hakusikia kitu. Wanasema: "Mama, nielezee vile utafanya mukifika nyumbani." Usisikie haya. Si interrogation ya shule. Kama umekosea, ni kwamba yeye hakueleza muzuri, ataanza tena.

Ordonnance imeandikwa Kifaransa cha kufupisha. Tuisome pamoja. "1 co 2x/j" ni kidonge 1 mara 2 kwa siku: asubuhi na jioni, saa 12 katikati yake, si viwili pamoja. "À jeun" ni tumbo tupu. "Au besoin" ni wakati wa maumivu tu. Lakini antibiotike haina "au besoin": inamalizika yote, hata ukisikia nguvu.

Kwa mwenye tension, garde-malade ndiye dawa ya pili, ju ndiye mwenye kushika chumvi. Makayabu ni chumvi tupu. Cube ndani ya sombe nayo ni chumvi. Sambaza mubichi haina shida hiyo. Na vidonge vya tension haviachwi siku kichwa kinatulia: kimetulia ju unavikunywa.

CAHIER YA MISTARI SITA

Fishi ya centre inabaki kwa centre. Kwa hiyo tunaomba kila familia inunue cahier ndogo ya shule, iwekwe ndani ya sachet pamoja na carte d'électeur, na ihame na muchimbaji pahali pote anaenda. Mbele ya kutoka kwa infirmier, usiinuke kwenye kiti bila kuandikiwa mambo sita:

1. Ugonjwa unaitwaje, na tarehe ya leo.
2. Kazi yako kamili, na myaka umeifanya.
3. Dawa gani, mara ngapi, mupaka tarehe gani.
4. Dawa yenye mwili wako unakataa, kama iko.
5. Alama gani zikitokea nirudi mbio.
6. Kazi gani siwezi kufanya, na mupaka siku gani.

Kama hujui kusoma, mutoto wa shule atakusomea jioni. Kama infirmier ana haraka, na mara mingi ana haraka ju iko peke yake na watu wanajaa kwenye banc, mupatie cahier ikiwa imefunguliwa na bic juu yake. Itamuchukua dakika mbili. Mwenzake wa carrière ingine, ambaye hatakuonana naye, ataanzia pale yeye aliachia.